Majokofu Kumi na Moja Yaliyobaki Uani

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mliofika kutoka karibu na mbali, mimi niliyesimama mbele yenu ni kaka wa marehemu, karani mstaafu wa masijala, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha yake kwa sababu tarehe ninazo mimi. Niliombwa ukurasa mmoja, ninazo sita, na nawaomba radhi mapema, kwa kuwa katika maisha ya mdogo wangu liko jambo ambalo halijafika mwisho, linalotakiwa lifike mwisho keshokutwa Jumatatu, tarehe 18 Novemba, na bila ninyi mlioketi hapa sioni litafikaje.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1947, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka bombani, akiwa mtoto wa nne kati ya watano wa baba yetu, mtunza stoo wa reli, na mama yetu, mkunga. Mama alizoea kusema kwamba watoto wa wenzake wote walimngoja apashe maji moto na kukunja mikono ya gauni, ila huyu wa kwake mwenyewe alikuja na haraka zake. Jina alilopewa limeandikwa juu ya karatasi mlizopewa mlangoni, limeandikwa sawasawa, nimelikagua mara mbili, lakini ninyi wote mlimwita Fundi Baridi, naye aliliitikia hilo kuliko la kwenye cheti. Mimi nitamwita mdogo wangu, maana ndivyo nilivyomwita kwa miaka sabini na miwili.

Alianza shule ya msingi Januari 1955, katika shule ya nyuma ya reli niliyosoma mimi, na walimu walionisifu kwa utulivu walimpokea wakitegemea mwingine wa namna hiyo, wakajuta. Hakuweza kuona kitu kimefungwa akakiacha. Mwaka 1959, akiwa darasa la tano, aliifungua saa ya ukutani ya ofisi ya mwalimu mkuu wakati walimu wakiwa kwenye chai, akaifunga tena kabla hawajarudi, ikabaki skrubu moja mkononi, na tangu siku hiyo saa ile ilikwenda mbele dakika nne, hivyo kwa muhula mzima shule yote ilitoka mapema bila mtu kujua sababu. Alipogunduliwa alichapwa fimbo sita, na baada ya fimbo ya sita mwalimu mkuu alimuuliza ana neno gani la kusema, naye akajibu, "Naomba ile skrubu, mwalimu, nimeshajua inakwenda wapi."

Alimaliza darasa la nane mwaka 1962, akaingia shule ya ufundi Januari 1963, akatoka Desemba 1964 na cheti cha umeme daraja la pili. Tarehe 1 Machi 1965 aliajiriwa kiwanda cha barafu kama mtu wa kupaka mitambo grisi, akapanda hadi msaidizi wa fundi mitambo, na tarehe 1 Februari 1971 aliingia kiwanda cha majokofu kilichokuwa mwisho wa barabara ya viwandani, ambako alifanya kazi miaka ishirini na miezi mitano bila kukosa zamu hata moja isipokuwa siku mbili za msiba wa baba.

Kwa miaka kumi na mmoja kati ya hiyo, mdogo wangu alisimama mahali pamoja, penye kujazia gesi. Jokofu lilimfikia likiwa zima, lina mlango, lina rafu, lina kibati cha namba kimepigwa ribiti mgongoni, lakini halina baridi, naye aliunganisha mpira, akafungua koki, akapima gramu mia moja na thelathini, akafunga, akasukuma, likaja lingine. Zamu moja ilikuwa majokofu arobaini na manane. Nawaomba mkumbuke hesabu hiyo, kwa sababu yeye hakuisahau, na ndiyo iliyomkosesha kukaa maisha yake yote yaliyobaki.

Kuhusu ndoa, jioni baada ya zamu alikuwa akitengeneza majokofu ya watu majumbani, na mwaka 1977 aliitwa nyumbani kwa kinyozi mmoja, ambaye binti yake, mshonaji, aliuza barafu dirishani. Jokofu lilikuwa na kasoro ndogo ya waya, kazi ya nusu saa. Akarudi Jumatano kulikagua, akarudi Ijumaa kulikagua tena, ndipo kinyozi akaweka wembe chini, akamuuliza, "Kijana, niambie ukweli, anayeumwa hapa ni friji au ni fundi?" Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1978, nami nilikuwa shahidi na nilisaini kitabu. Shemeji yangu huyu, aliyeketi hapa mbele, amemshonea ovaroli zote alizovaa, na kila ovaroli aliitia mfuko wa ziada kifuani, kwa kuwa alijua mume wake atarudi na kitu. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1980, mwalimu wa kemia, wa pili kijana wetu wa kiume, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1983, dereva wa lori, na wajukuu wanne.

Tarehe 30 Juni 1991 kiwanda kiliacha kuunganisha majokofu hapa, kikawa kinaleta yaliyokwisha tengenezwa, na mdogo wangu alifungua karakana yake nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, chumba kimoja na ua mkubwa. Wengi wenu mnaijua. Mnajua pia kwamba hakuwa na kiti pale, wateja walikalia kreti la soda, na yeye alikula amesimama.

Sasa nafika penye mzizi wa jambo. Kwa siku tano kuanzia Jumatatu, tarehe 6 Mei 1996, mdogo wangu alihudhuria mafunzo ya mafundi wa majokofu, na huko wakaelezwa kwamba gesi ile waliyoijaza miaka yote, isiyo na harufu wala rangi, ambayo kila fundi aliiachia ijiendee hewani akikata bomba la shaba, haifi ikitoka, hupanda taratibu, ikafika kwenye tabaka la juu linalotukinga na ukali wa jua, ikalila, na isitoshe huzidisha joto la dunia. Alikuja kwangu Ijumaa ile moja kwa moja kutoka darasani, akakataa kuketi, akazunguka meza yangu ya kulia chakula, akasema, "Kaka, kichwani nimepiga hesabu njia nzima. Zamu moja friji arobaini na nane, siku mia mbili na themanini kwa mwaka, miaka kumi na mmoja. Nimejaza zaidi ya laki moja na arobaini elfu kwa mkono huu. Nani atazitoa?" Nikamwambia aliajiriwa, alifanya alichoagizwa. Akanijibu, "Sawa, mimi niliagizwa. Aliyeagiza je, amelala?"

Mke wangu akamwambia, "Shemeji, kaa basi unywe chai," akanywa akiwa mlangoni.

Mwaka uliofuata alipata mashine ya kuvutia gesi kutoka hoteli iliyokuwa inafungwa, akaitengeneza, na tangu Machi 1997 hakuna jokofu lililokufa mkononi mwake ambalo gesi yake ilitoka hewani, aliivuta yote mtungini. Lakini aligundua kwamba hiyo ni nusu ya kazi. Gesi nyingine imo ndani ya povu la ukutani, lile la manjano lililo kati ya bati la nje na plastiki ya ndani, na hiyo hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuitoa, inahitaji mtambo uliofungwa pande zote, na mtambo huo anaweza kuuweka mwenye kiwanda peke yake. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawajui hilo, wao hupasua kwa shoka, wakachukua bati, wakachoma povu. Ndiyo maana mdogo wangu hakuwauzia hata jokofu moja. Kila lililokufa, kama lilitoka kile kiwanda, alilivuta gesi, akalisimamisha uani, akasema waliolitengeneza waje wachukue chao.

Tulianza kuwaandikia. Barua ya kwanza niliipiga taipu mimi, tarehe 3 Februari 1998, na hadi mwaka 2013 zilifika thelathini na saba, nakala zote ninazo. Majibu yalikuwa mawili, moja la kukiri kupokea, la pili kalenda ya mwaka mpya yenye picha ya jokofu. Katika barua ya tisa nilikuwa nimeandika kwa adabu kwamba kampuni itafakari wajibu wake, naye akaninyang'anya karatasi, akasema niandike hivi: kiwanda kinazaa, mtaa unazika. Nilimwambia hiyo si lugha ya barua rasmi. Niliandika hivyo hivyo.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kosa langu, na nimelisogeza mbele kwa kurasa tatu kwa kuwa ni zito. Mwezi Agosti 2001, baada ya mvua, nilipita uani nikaona vibati vya namba migongoni mwa majokofu vinaota kutu, vingine havisomeki. Nikamwambia mdogo wangu kwamba kumbukumbu haikai mvuani, avitoe vyote, avifute, mimi nitaviweka penye usalama. Akavitoa. Nilinunua daftari kubwa la jalada gumu, nikavibandika humo vinne kwa kila ukurasa, nikavipanga kwa namba kutoka ndogo hadi kubwa, kila kimoja na tarehe kilipoingia uani, na tuliendelea hivyo miaka yote, kila jokofu jipya likija kibati chake kinakuja kwangu, hadi vikafika mia moja na kumi na viwili, kurasa ishirini na nane zilizojaa. Lilikuwa daftari zuri. Wageni wakija nyumbani niliwaonyesha.

Kwa miaka thelathini na minne niliwafundisha makarani wapya kanuni moja kabla ya nyingine zote, kwamba ukitoa jalada rafuni, acha kikaratasi mahali pake kinachosema ni jalada gani na limekwenda wapi. Mimi nilitoa vibati mia moja na kumi na viwili, na sikuacha alama yoyote kwenye jokofu hata moja.

Tarehe 1 Julai 2013 zilianza kutumika kanuni zinazomtaka mtengenezaji avipokee vyombo vyake vilivyokufa, na gesi yake, bila mwenye chombo kugharimia lolote. Mdogo wangu aliisikia redioni akiwa anachomelea bomba, akazima moto, akaja kwangu kwa miguu. Kampuni ilituma mtu baada ya miaka miwili na miezi minane, na kila tulipopiga simu kuuliza, afisa wake anayesimamia ukusanyaji alitujibu kwa upole kwamba kesho atatupa jibu, hata shemeji akampa jina la Bwana Kesho. Namwomba radhi kwa kulisema hadharani, yupo nasi, ameketi safu ya nyuma, na nitamrudia.

Alifika Jumatatu, tarehe 14 Machi 2016, amevaa viatu vya kazi vipya, akatembea katikati ya majokofu yaliyopangwa safu nane, akalipokea daftari langu kwa mikono miwili, akalifungua, akasema, "Mzee, hiki kitabu ni kizuri sana. Sijawahi kuona kitu kama hiki." Nilifurahi. Akafunua ukurasa mwingine, akauliza, "Sasa hiki kibati cha kwanza, friji yake ni ipi?"

Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikalitazama daftari.

"Ni mojawapo ya hizo," akasema mdogo wangu.

"Ipi?"

"Bwana mdogo, zote ni zenu. Mimi nilizijaza gesi kwa mkono wangu, nazijua kama watoto."

"Nakuamini, mzee wangu. Lakini huyu ana mlango mweupe na mwili wa bluu. Yule pale ana kompresa isiyo yetu."

"Nimebadilisha. Fundi kazi yake nini?"

"Ndiyo hapo sasa. Kibati bila friji, na friji bila kibati, mimi nikirudi navyo ofisini wataniuliza nimeokota wapi."

Mdogo wangu hakunilaumu, wala siku ile wala baadaye, na ningelipenda anilaumu. Alimwuliza afisa kama kuna njia nyingine, na afisa akakuna kichwa, akasema ipo moja, ikiwa mwenye jokofu aliyelileta karakana atakuja mwenyewe, akalitambua kwa macho, akasema alilinunua wapi na mwaka gani, akasaini fomu, atalipokea hilo, na gesi yake ataipokea. Shemeji yangu aliyekuwa anasikiliza akasema, "Watu mia moja na kumi na wawili! Si afadhali mtafute sindano, hiyo angalau inachoma."

Basi tukaanza. Mimi nilikuwa na miaka sabini na sita, yeye sitini na minane, tukapita nyumba kwa nyumba na daftari ndani ya mfuko wa turubai, tukipanda ngazi za magorofa, tukibisha milango ya watu waliokwisha hama, tukielekezwa kwa watoto wao. Yeye alitangulia mbele hatua kumi, akinigeukia, "Kaka, twende, watu wanazeeka." Wapo waliotudhania wadai. Yupo bibi mmoja, mke wa mtunza bustani, tuliyemleta uani kwa kiti cha magurudumu, akapita safu tatu, akanyoosha kidole, "Hili! Hapa ndipo marehemu mume wangu aliegemeza pasi ya moto, nikamnunia wiki." Kweli, lilikuwa na alama ya pasi. Akasaini kwa herufi nzuri, halafu akauliza, "Sasa mmekaa nalo miaka kumi na mitatu, mbona bado halijapona?"

Kwa njia hiyo yalipatikana moja baada ya jingine, kwa alama ya pasi, kwa stika aliyobandika mtoto, kwa mkono wa mlango uliofungwa waya, kwa tundu alilotoboa mtu akitafuta barafu kwa bisibisi. Mwaka 2018 yalipobaki kumi na moja, mwenye mashine ya kusaga, jirani yetu mwema, alimwambia, "Fundi Baridi, unajisumbua bure. Leta hizo fomu nisaini zote kumi na moja, nani atajua?" Mdogo wangu akajibu, "Mimi nitajua. Na kaka yangu huyu hatapata usingizi, unamjua." Hiyo ilikuwa kweli.

Kuhusu ugonjwa, tarehe 20 Septemba 2017, kwenye ngazi za gorofa ya tatu, alishindwa kuvuta pumzi, akaketi kwenye kipandio, na nilijua kuna jambo, maana sikuwahi kumwona ameketi ngazini. Hospitali waligundua kwamba moyo wake umepanuka. Daktari alimwagiza akae, akamjibu, "Daktari, kukaa ndiyo kazi ambayo sijasomea." Alilazwa Mei 2018, akalazwa tena Februari mwaka huu, na kila alipotoka alikuwa uani kesho yake asubuhi, akizunguka yale kumi na moja, akiyafungua milango, akiinusa raba, kana kwamba mwenye jokofu ameacha jina lake ndani.

Alilazwa mara ya mwisho Jumatatu, tarehe 4 Novemba, wodi namba 6, kitanda cha dirishani. Nilimtembelea Jumapili ya tarehe 10, amefungwa mirija miwili, na kabla sijamsalimu akasema, "Kaka, ile ya kijani ni ya yule mama wa duka la vitambaa au ya fundi viatu?" Nikamwambia atulie. Akasema, "Nitatulia ukinijibu." Sikujua, na sikutaka kusema nisilolijua, hivyo nilikaa kimya, naye akageukia dirisha. Nimelitafakari sana hilo siku hizi sita. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, saa tisa na dakika kumi alasiri, mke wake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi mitatu na siku tatu.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, watu wakiwa wanafika kutoa pole, waliingia uani wanunuzi wawili wa vyuma na mkokoteni. Mmoja akavua kofia, akasema, "Poleni sana na msiba, mama. Tulitaka tu kujua, mzee alisema tuje lini kuchukua?" Shemeji yangu akamjibu, "Mzee hakusema, na akisema sasa mtakimbia mkauacha mkokoteni." Wakaondoka, lakini hawakwenda mbali.

Nami lazima niwe mwadilifu kwa kijana wetu, dereva wa lori, kwa sababu aliniambia jioni ile jambo la haki. Alisema, "Baba mkubwa, mimi nilimpenda baba. Lakini haya mabati yamekaa uani miaka ishirini, mama hana hata pa kuanika nguo, kila mvua panya wanaongezeka. Kampuni ikichukua, ichukue. Itakayoyaacha, Jumatatu jioni nayapakia mwenyewe nawapelekea wale." Sikumpinga. Ua ni wa mama yake, na mama yake amevumilia ya kutosha. Kampuni nayo imetuandikia kwamba lori lake litafika Jumatatu saa mbili asubuhi, kwamba ni la mwisho katika zamu hii ya ukusanyaji, na kwamba litapakia majokofu mia moja na moja yenye fomu, na mitungi miwili ya gesi. Yale kumi na moja yatabaki, na Jumatatu jioni yatapata shoka.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Wengi wenu mmekuja kumzika mtu aliyewatengenezea majokofu, na inawezekana kabisa mmoja wenu ameketi hapa akilia, na jokofu lake lipo kule uani halijui mwenyewe. Sikilizeni. Lipo la kijani kibichi, refu kuliko mengine, mlango unafungukia kushoto, ndani ya mlango pamekwaruzwa urefu wa mtoto mara nne, na kila mkwaruzo umeandikwa umri kwa penseli, wa mwisho ni miaka tisa. Lipo la krimu lenye kitasa cha kabati la nguo. Lipo fupi, jeupe, mtu alilipaka rangi ya bluu kwa brashi bila kuondoa sumaku, na chini ya rangi unaona umbo la ndege. Lipo ambalo friza yake imezibwa kwa gundi ya viatu, kazi safi, ya mtu anayejua gundi. Lipo lililotobolewa litiwe kufuli la duka. Mawili ni ya kijivu, yanafanana kama mapacha, moja ubavuni lina namba ya simu ya zamani ya tarakimu tano ambayo nimeipiga bure. Lipo moja lenye harufu ya dawa, nadhani lilikuwa la zahanati au la duka la dawa. Matatu ni meupe tu, hayana alama, hayana kovu, na hayo ndiyo ninayoyaogopa.

Kesho Jumapili, kuanzia saa tatu asubuhi, nitakuwa uani na fomu. Afisa wa kampuni niliyemtaja alikuja nyumbani Alhamisi kutoa pole, akaniletea fomu kumi na moja mfukoni, akasema Jumapili hana kazi na atakuja kushuhudia saini, ndiyo kesho, na safari hii neno kesho nimelipokea kwa moyo wote. Ila nawasihi, asije mtu kusaini lisilo lake kwa ajili ya kutuhurumia. Marehemu alikataa hivyo akiwa hai, na mimi siwezi kumfanyia akiwa hana uwezo wa kukataa. Na ikiwa mwenyewe amekwisha fariki, aje mwanawe, aje mpangaji wake, aje yeyote aliyewahi kuufungua mlango ule akitafuta maji.

Nimebakiwa na shukrani. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba 6, hasa muuguzi mkuu wa zamu ya mchana, aliyemruhusu kusimama dirishani dakika tano kila siku kinyume cha maagizo. Tunamshukuru mwenye mashine ya kusaga, aliyezima mashine yake siku nne hizi ili tusikilizane, pamoja na majirani wote mlioleta maji, viti na turubai. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwandani, saba mliofika, ambao mikono yenu pia ilipitisha majokofu yale, na tunawaomba msijione wakosaji, bali mje kesho mtusaidie kuyatambua. Tunamshukuru binti yetu mwalimu, aliyekagua kila nilichosema hapa kuhusu gesi, na kijana wetu, aliyekubali kungoja hadi Jumatatu jioni. Na wewe shemeji, nakushukuru kwa ua wako.

Mdogo wangu, uliniuliza swali nikashindwa kulijibu. Siwezi kukuahidi yote kumi na moja, kwa kuwa sina hakika hata ya moja, na hukunizoea kwa ahadi za namna hiyo. Nakuahidi tu kwamba kesho saa tatu nitakuwa pale, nimesimama, na daftari limefunguliwa. Wewe pumzika. Pumzika kwa amani.